Shemeji Aliposalimiwa kwa Adabu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta mwingine, maana mle chumbani tulijaa watu wenye vyeo na miwani, na ungeweza kumnyooshea kidole yeyote ukadhani umepatia. Mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga aliyeingia kazini asubuhi akipiga mluzi.

Kazi yangu ni kuthamini mali. Serikali ikitaka kujua jengo lake au mtambo wake una thamani gani, mimi ndiye ninayetumwa na tochi na tepu ya kupimia, niiname, nigonge, ninuse, kisha nitaje bei. Kazi hii sikuijia kwa barabara ya lami. Nimeuza mkaa, nimebeba zege, nimesoma masomo ya jioni huku najifinya paja nisisinzie. Dunia imenizaba makofi ya kutosha, na katika makofi hayo nilijifunza ujanja mmoja tu: ukizabwa, cheka kwanza, mwenye mkono apate wasiwasi. Ndiyo maana ofisini wananijua kwa utani. Namtania mkubwa, namtania mlinzi, namtania hata mgeni aliyekuja kulalamika. Nyumbani ndiyo usiseme.

Sasa, ng'ambo ya reli kuna kiwanda cha chupa. Ni kiwanda cha watu binafsi, ila serikali ilikuwa na fungu lake la hisa humo tangu kilipojengwa, na mwaka ule ikaamua kuliuza. Si dhambi. Mtu huuza hata kitanda alichozaliwa juu yake. Lakini hisa haziuzwi kwa kupiga kengele. Mnunuzi akijua una haraka, anakukaba bei. Wenye hisa wenzako wakisikia, wanaanza kuvutana mashati. Wafanyakazi wakinusa, hakuna anayelala. Kwa hiyo ikaundwa kamati ndogo, watu wakaapishwa, na jambo likakaa kifuani mpaka siku ya kutia saini.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mrefu, mpole wa sauti, ambaye ofisi nzima tulimwita Mama Kufuli, na naamini alijua, na jina lilimpendeza. Siku ya kiapo alitupitia kwa macho mmoja mmoja.

"Si mke, si mume, si mama mzazi," alisema. "Na kama kuna mwenye tabia ya kuropoka usingizini, akalale jikoni."

Watu wote wakanigeukia.

"Jamani, mimi ni mtani, si kasuku," nikasema.

"Tutaona," akajibu, akanisogezea kalamu.

Nilimweleza wazi kwamba shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa moto katika kiwanda hichohicho. Mama Kufuli alishusha pumzi. "Nusu ya mji huu ina shemeji pale. Nitampata wapi mthamini asiye na shemeji?"

Tulipobaki wawili ndipo aliponipa agizo lenyewe. Tanuru la kuyeyushia kioo nisilithamini kama mtambo unaofanya kazi. Nilitajie bei ya chuma chakavu.

"Chakavu? Mama, lile tanuru linawaka sasa hivi tunavyoongea."

"Mnunuzi hana haja nalo. Akishapata fungu letu atakuwa na kauli kuliko wenye hisa wote. Anataka eneo, maghala na jina la kampuni. Chupa ataziagiza kutoka nje zikiwa tayari."

Tanuru la kioo si jiko la mkaa, kwamba leo utazima na kesho utapuliza. Likizimwa, kioo kinaganda tumboni mwake, matofali yanapasuka, na hapo hufufui kitu. Kulizima ni kuwaambia watu wote wanaolilisha warudi makwao. Na mmoja wa watu hao alikuwa anakula kwangu kila Jumapili.

Shemeji na mimi hatukuwahi kusalimiana kama watu wazima. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao na shati langu la kuposea, ndiye aliyenifungulia mlango, akaniuliza kama nimekuja kusoma mita ya maji. Tangu hapo ni kurushiana maneno. Mimi namwita Mkaanga Mchanga, kwa sababu kioo ni mchanga uliotiwa moto. "Wenzako wanapika wali unaiva," humwambia, "wewe umepika mchanga miaka yote hii na bado hujashiba." Yeye ananiita Dalali. Anasema mtu ambaye kazi yake ni kugonga vitu na kutaja bei, serikali isingemwajiri angekuwa mnadani anauza mitumba. Mke wangu hutuachia sebule, akaenda kukaa na wifi yake uani.

Jumapili iliyofuata walikuja kama kawaida, yeye, mkewe na watoto. Nilikuwa nimejiandaa tangu nilipoamka: tabasamu, nyamaza, usiteleze. Nikafungua mlango, nikampa mkono.

"Habari za kazi, shemeji?"

Alinitazama. Akautazama na mkono wangu kabla hajaushika. "Nzuri," akasema polepole.

"Na afya?"

"Ipo."

"Tumshukuru Mungu. Karibu ndani, karibu ukae."

Mezani alileta habari. Kampuni moja ya dawa katika mji mwingine ilikuwa imempigia simu, inataka fundi wa moto, na inataka jibu kabla ya wiki kwisha. Mshahara haupishani sana na wa kiwandani, ila ni mbali, na watoto wangehama shule.

"Sasa wewe, Dalali, ndiye mkubwa hapa," akaniambia. "Nikae au niende?"

Watoto wake walikuwa wanagombania kiti na wangu. Ndani yangu kulikuwa na mtu anapiga yowe: nenda! Nenda leo, acha hata hicho chakula! Nikalitazama tonge mkononi, likakataa kupanda mdomoni. Nikarudisha sahani. Kiapo ni kiapo.

"Fanya moyo unavyokutuma, shemeji," nikasema. "Mungu akutangulie."

Mke wangu aliacha kupakua. Hata watoto walinyamaza, na wale kuwanyamazisha si mchezo. Baada ya hapo nilimsindikiza Shemeji mpaka barabarani, nikambebea na mwavuli. Niliporudi nilijipiga kifua. Siri imekaa! Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimekuwa mtu wa kutegemewa. Usingizi haukuja vizuri siku zile, lakini nilijiambia kwamba uaminifu nao una gharama zake.

Ndiyo maana nikapiga mluzi.

Asubuhi ile nilikuta kwenye korido simu zinalia na hakuna anayezipokea. Karani wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kamati, kiganja mdomoni.

"Vipi dada, kuna msiba?"

"Ingia tu, kaka. Ingia."

Ndani, Mama Kufuli alikuwa amesimama. Huyu ni mtu ambaye sijawahi kumwona amesimama kwenye kikao. Husema anayesimama keshapoteza hoja. Mezani palikuwa na beseni la plastiki, la kufulia, sijui walilitoa wapi.

"Simu," akasema. "Zote. Humu."

Tukazitia, zikagongana kama vikombe. Akasubiri mpaka ya mwisho ikaingia.

"Wafanyakazi wa kiwanda cha chupa wako getini tangu alfajiri. Nusu yao wako ndani wanalisha moto usizime, nusu wamekaa chini mbele ya lango. Wanasema kiwanda kinauzwa na tanuru linazimwa." Akatupitia tena kwa macho. "Linazimwa! Hilo halijui mtu nje ya chumba hiki. Mnunuzi amenipigia kabla sijavaa viatu. Anauliza tunauza hisa au tunauza umbea, na kama ni umbea, yeye anao wa kwake wa kumtosha."

Nilitazama dari, nikatazama beseni, nikatazama nyuso. Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake kama watu waliofunguliwa mlango wakakuta nyumba haina ukuta wa nyuma. Kazi yote ya siri, kwisha. Na mtu aliyeimaliza amekaa hapa, anavuta hewa moja na sisi.

Basi mimi, kwa kuwa nikipigwa hucheka, nikacheka.

"Mama, tusizunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia," nikasema. "Humu kuna mtu mmoja tu mwenye mchumba mtangazaji wa redio."

Mwanasheria wa kamati, kijana mtanashati mwenye tai iliyonyooka kuliko sheria zenyewe, alinyanyuka nusu. "Mimi?" Sauti ilimpanda. "Mchumba wangu anatangaza mpira!"

"Mpira nao una mapumziko. Wakati wa mapumziko watu husema nini?"

"Matangazo ya biashara!"

"Si ndiyo hayo? Kiwanda kinauzwa."

Watu wawili wakacheka, cheko la woga. Kijana akaapa kwa jina la mama yake. Nikamuuliza kama huwa anaota kwa sauti. Nikamuuliza kama mchumba hupenda kusikia habari za ofisini kabla ya kukubali kupokea simu. Nilikuwa na uhakika na usafi wangu, kwa hiyo nilimsugua yule kijana kama sufuria lililoungua. Mpaka machozi yakamlengalenga, na hapo nikaona nimempata kabisa.

"Umemaliza?" Mama Kufuli akaniuliza.

"Kwa sasa, mama."

"Vizuri. Wafanyakazi wamemtuma mwakilishi wao, yuko chini. Tutamuuliza yeye mwenyewe aliambiwa na nani."

"Safi kabisa," nikasema, nikamkonyeza mwanasheria.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Shemeji.

Alikuwa na ovaroli yake ya kazini, imeungua vitobo vidogovidogo kifuani, kofia ngumu kwapani. Nilijiambia wamemchagua kwa sababu ana mdomo. Ukoo mzima wana mdomo.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Mama Kufuli. Wengine akatupa "Habari zenu."

"Marahaba. Sitakuzungusha, mwanangu. Nani alikwambia kiwanda kinauzwa?"

Shemeji hakufikiri hata kidogo. Akanyoosha kidevu upande wangu. "Shemeji yangu huyo."

Umewahi kushuka ngazi gizani, ukadhani umeshafika chini, kumbe zimebaki mbili? Ule mguu unaokanyaga hewa, tumbo likabaki juu? Ndivyo nilivyokuwa, ila nimekaa.

"Mimi?" Nikasikia sauti yangu imepanda kama ya yule kijana. "Wee! Mimi nimekwambia? Lini? Wapi? Neno gani?"

"Hukuniambia neno."

"Mmesikia?" Nikawageukia wote. "Mmesikia wenyewe! Hakuna neno!"

"Hapo ndipo nilipojua," akasema Shemeji.

Mama Kufuli alivuta kiti, akakaa taratibu. "Hebu eleza, baba."

"Mama, mtu huyu mimi namjua. Amenitania siku ya harusi yangu mbele ya wakwe. Nimelazwa na homa ya mapafu, amekuja kunitania mpaka nesi akamtoa nje. Siku tunamzika baba, alininong'oneza jambo pale pale kaburini, nikacheka, na shangazi yangu mpaka leo hanisemeshi. Jumapili nimekwenda kwake, ananipa mkono. Ananiuliza afya! Ananiita shemeji, hata Mkaanga Mchanga hakuna. Namuuliza nikae kazini au niondoke, mtu ambaye ana maoni hata juu ya ninavyofunga kamba za viatu, ananiambia Mungu anitangulie. Halafu akanibebea mwavuli. Njiani nikamwambia mke wangu, sikiliza, ama mimi nakufa, ama kazi yangu inakufa, na huyu bwana keshaambiwa."

"Halafu?"

"Nikaanza na mimi mwenyewe. Nikaenda hospitali."

Mtu mmoja upande wa dirishani alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Nikatolewa damu, nikapigwa picha ya kifua, nikapulizishwa mashine. Daktari akaniambia nina afya ya punda, niache kuwapotezea muda wagonjwa. Basi. Kilichobaki ni kiwanda."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Miaka yote nilidhani wanazungumzia mvua.

Mwanasheria alikuwa ameshafuta macho. Ungemwona! Amenyooka, tai imenyooka, kalamu mkononi. "Na tanuru je?" akauliza kwa sauti tamu. "Hilo la kuzimwa ulilijuaje?"

"Kila mwaka anakuja kupima mali za kampuni, na kila mwaka akifika pale kwetu anapiga kelele mpaka vijana wanacheka: 'Mkaanga Mchanga, hujaungua tu?' Safari hii amekuja, hakunitazama. Alisimama mbele ya tanuru, akavua kofia." Shemeji alinigeukia kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kule ndani kuvua kofia ni kosa, mama, wanakukata mshahara. Yeye kaivua, kaishika hivi, kifuani. Mtu anavua kofia mbele ya nini?"

Nilishika kichwa changu kwa mikono miwili, nadhani nilikuwa naitafuta ile kofia. Naapa mpaka leo sikumbuki kuivua.

"Sawa, ulishuku," akasema Mama Kufuli. "Ungekaa na shuku yako. Kwa nini ukawatangazia wenzako wote?"

"Sikutangaza. Nilikabidhi zamu."

"Unamaanisha nini?"

"Kwenye moto, anayetoka zamu hamfichi anayeingia kitu chochote. Hata kama hujaona tatizo, umesikia harufu tu, unamwambia: hapa nimenusa kitu, angalia. Ukinyamaza, anayeungua ni yeye. Nikamwambia mwenzangu aliyenipokea: moto uko sawa, gesi iko sawa, ila shemeji yangu amenisalimia kwa adabu. Yeye akampokeza mwenzake vilevile. Kufika mwisho wa juma, kiwanda kizima kimekabidhiana."

Niliwaza jambo hilo, wanaume wazima wenye glavu za moto wakipokezana habari ya salamu yangu kama wanavyopokezana ufunguo. Na hakuna aliyeuliza maana yake. Wote wananijua.

"Na mnunuzi ni nani, hilo nalo mmelinusa?" Mama Kufuli akauliza.

"Hilo hatulijui." Shemeji aliitazama meza, akalitazama beseni. "Kusema kweli, mama, mpaka napanda ngazi zenu sikuwa na uhakika na lolote. Ilikuwa harufu tu. Ila nimeingia humu nimekuta simu za wakubwa zimo kwenye beseni, kaka huyu ametoka kulia, na wewe umeniuliza nani kaniambia. Hukuniuliza kama ni kweli au si kweli. Sasa nina uhakika."

Nimeshuhudia jengo likibomolewa. Kuna sekunde moja hivi baada ya mlipuko ambapo jengo bado limesimama, halijapata habari. Ndivyo chumba kilivyokuwa. Mama Kufuli, mwanamke aliyefunga siri za serikali tatu zilizopita, alibaki mdomo wazi kidogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuutazama.

Aliyezinduka wa kwanza ni mwanasheria. "Kiapo," akasema, akakifungua. "Mjumbe hatasema, hataandika, wala hataashiria kwa namna yoyote ile." Akarudia sehemu ya mwisho kwa raha zake. "Kwa namna yoyote ile."

"Kunyamaza ni kuashiria?" nikafoka. "Mliniambia ninyamaze! Nikanyamaza! Mnataka kunifunga kwa kutii?"

"Mimi ningenyamaza, nisingeashiria kitu," akasema kijana. "Mama akinyamaza, ndivyo alivyo. Wewe ukinyamaza ni taarifa kwa vyombo vya habari."

Nilimgeukia Mama Kufuli aniokoe. Alikuwa amesharudisha mdomo mahali pake.

"Toka kwenye kamati," akaniambia. "Kesho ulete maelezo kwa maandishi."

"Niandike nini, mama? Kwamba nilinyamaza?"

"Andika kwamba ulinyamaza vibaya."

Kisha akamwambia Shemeji awarudishe watu kazini, kwamba saini haitawekwa kabla kamati haijakaa na wafanyakazi kuhusu tanuru, na kwamba akae akijua kamati haijaahidi kitu kingine. Mnunuzi anaweza kukubali kubaki na moto, anaweza akaondoka zake na biashara ikafa, na wao wakabaki na kiwanda ambacho hakuna anayekitaka.

"Hatukuja kuomba ahadi, mama," Shemeji akasema. "Tumekuja kuomba kiti mezani."

Tulishuka ngazi pamoja, mimi na simu yangu niliyoiopoa kwenye beseni, yeye na kofia yake. Hakuna aliyetangulia. Kwenye kona ya ngazi, penye dirisha lenye vumbi, nikashindwa kuvumilia.

"Shemeji, umenimaliza."

"Nimekumaliza mimi, au adabu yako?"

Simu ikalia. Mke wangu. Habari zilikuwa zimeshafika kwa wifi yake, na zikifika kwa wifi zimefika kwa Mungu.

"Ni kweli hukumwambia kitu?" akauliza bila salamu.

"Kweli kabisa, mama watoto. Sikufungua mdomo."

"Miaka yote nakuomba uufunge huo mdomo, hata mbele ya mama yangu, umekataa. Ukaja kuufunga siku ya kuuacha wazi." Akakata.

Shemeji alikuwa anatazama dirishani asije akacheka. Nikavuta pumzi. Nilijiambia, haya, mimi nimeungua, lakini angalau kuna mtu amepona. Hilo lilinipa nafuu kidogo. Kweli, lilinipa nafuu.

"Basi, si haba," nikasema. "Ile kazi ya kampuni ya dawa, unaanza lini?"

"Niliwapigia jana."

"Ukawaambia?"

"Nikawaambia watafute mwingine."

Nikakaa. Palepale kwenye ngazi, na suruali yangu ya ofisini. Nilidhani kwa asubuhi moja nimeshamaliza kushangaa, kumbe ilikuwa rasharasha.

"Wewe una wazimu," nikamwambia. "Una watoto. Una mke. Tanuru linaweza kuzimwa mwezi ujao, umemsikia mama kwa masikio yako! Shemeji, mimi siku ile nilikuwa nakupigia kelele kwa macho: nenda! Umeisoma salamu yangu, umeusoma mwavuli, umeisoma mpaka kofia ambayo mimi mwenyewe siikumbuki, hilo moja la kuondoka ndilo limekupita?"

"Halikunipita. Nililisoma la kwanza."

"Basi si ungeondoka! Ungepokea ile kazi, ukafunga mizigo yako, ukanyamaza. Nani angekulaumu? Wenzako wangejua lini kwamba ulijua? Watoto wako wangekula, mimi ningekuwa kwenye kamati yangu, Mama Kufuli angebaki na heshima yake. Kunyamaza tu! Ni kitu gani kigumu hapo?"

Alivaa kofia yake, akaikaza mkanda chini ya kidevu. Alishuka ngazi moja, akageuka, tukawa usawa mmoja, mimi nimekaa na yeye amesimama.

"Wewe ulinyamaza Jumapili moja tu, tonge likakushinda," akasema. "Mimi ningenyamaza maisha yangu yote, ningekula nini?"